Thérèse anafikiri mwenyewe au anafikirishwa? Wanawake, falsafa na vyumba vya siri katika riwaya za Ufaransa za karne ya 18

kurasa_za_usiku aliandika:

Habari zenu wadau wa fasihi.

Naandika tasnifu kuhusu riwaya za kilibertini za Ufaransa (za raha za mwili na kuasi dini na maadili), zile zilizouzwa kwa kificho kabla ya Mapinduzi ya 1789, na nimekwama sura ya pili. Swali langu ni hili: mwanamke anayefundishwa falsafa ndani ya chumba kilichofungwa, je, anakombolewa au anaandaliwa kwa ajili ya mtu mwingine?

Kitabu kinachoninyima usingizi ni Thérèse philosophe cha 1748. Kilitoka bila jina la mwandishi, na wengi humtaja markizi (cheo cha kabaila) d'Argens. Kwa ambaye hajakisoma: Thérèse hafundishwi falsafa shuleni. Anaipata kwa kuchungulia na kusikiliza. Kwanza anafichwa kwenye kijichumba cha pembeni na kumwona Padri Dirrag akimlaghai muungamaji wake, Eradice, kwa jina la ibada. (Majina hayo ni herufi zilizopanguliwa tu: Girard, padri Mjesuiti, na Catherine Cadière wa Toulon, ambao kesi yao iliamuliwa Aix mwaka 1731 na kutikisa Ufaransa nzima.) Baadaye anajibanza bustanini akimsikiliza Bibi C* akijadiliana na Padri T* kuhusu Mungu, maumbile na raha. Akifika Paris, mwanamke aliyewahi kuishi kwa ukahaba, Bi Bois-Laurier, anamhadithia maisha yake. Mwisho anahamia kwenye kasri la bwana mmoja kabaila, anayeitwa kwa cheo chake tu, Comte, anayemwekea dau: maktaba yake na picha zake dhidi ya ubikira wa Thérèse, kwamba hawezi kukaa wiki mbili na vitabu vile bila kujigusa. Wiki mbili hazijaisha, Thérèse ameshashindwa.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilifurahi sana. Mwanamke anasema "mimi" kuanzia ukurasa wa kwanza, anaihoji dini, hauonei haya mwili wake, haolewi, na kitabu kinafungwa bila kumwadhibu. Kwa karne ile hilo ni jambo kubwa. Msimamizi wangu haoni hivyo. Kwake falsafa yote ile ni pazia la ponografia, na Thérèse ni sauti ya mwanamume aliyevaa gauni. Nisaidieni. Nani kati yetu amesoma vibaya?

Mwalimu_Zainabu alijibu:

Mwanangu, swali zuri, na nimefundisha fasihi hii kwa muda mrefu kiasi cha kuwa na upande.

Anza na hilo la pazia, maana hapo msimamizi wako anaipeleka karne yetu kwao. Wauza vitabu wa siri wa wakati ule walikuwa na jina moja tu katika oda zao: "vitabu vya kifalsafa". Chini ya jina hilo waliweka Voltaire, vijitabu vya kumtukana mfalme, hoja za kumkana Mungu, na Thérèse. Vyote vilisafirishwa kwenye marobota yaleyale, na aliyekamatwa navyo aliweza kuishia gerezani. Diderot mwenyewe, mwanafalsafa mashuhuri, alitoa riwaya ya Les Bijoux indiscrets mwaka uleule wa 1748, na mwaka uliofuata akafungwa Vincennes kwa maandishi yake. Kwa hiyo usiruhusu mtu akugawie kitabu mafungu mawili, huku fikra, huku mwili. Walioandika na walioshika mkasi wa udhibiti hawakukigawa hivyo.

Ila kwenye sauti, msimamizi wako ana hoja, na wewe uikabili. Rudi ukurasa wa kwanza. Kwa nini Thérèse anaandika? Kwa sababu Comte amemwomba aandike. Maktaba ni ya nani? Ya Comte. Nani amechagua vitabu vitakavyomfikia? Comte. Hoja za Padri T* kuhusu dini nazo kwa sehemu kubwa zimechotwa kutoka Examen de la religion, kitabu cha siri kilichokuwa kikizunguka kabla ya hapo. Ukiweka vitu hivyo pamoja, unaona kwamba kila wazo linalomfikia Thérèse limepita kwanza kwenye mkono wa mwanamume aliyeamua lini limfikie.

Lakini msomaji akiishia hapo amesoma nusu. Mtazame Bibi C*. Watu humpita haraka kwa kuwa anauliza na padri anajibu. Mimi namwona ndiye anayeshika usukani wa mazungumzo. Anambana padri: kama haya ni kweli, mbona huyasemi hadharani? Na padri, aliyekuwa akitiririka kama mto, anaanza kusema ukweli huu si wa kila mtu, ni wa wachache wanaojua kufikiri. Hapo ndipo kitabu kinajifunua. Falsafa inayodai kumfungua binadamu kutoka woga wa kanisa inataka ibaki nyuma ya mlango.

Ruka miaka hadi 1795 uone mlango huohuo kwa Sade, katika La Philosophie dans le boudoir, ambamo msichana anafundishwa chumbani. Mimi kitabu kile sikipendi, na mwisho wake, mama aliyekuja kumchukua binti yake anavyoteswa, ni ukatili ambao hakuna nadharia itakayonifanya niupambe. Ila kuna kitendo kidogo humo ambacho lazima kiingie kwenye sura yako. Wanapotaka kusoma kile kijitabu cha siasa kinachowataka Wafaransa wafanye juhudi moja zaidi ili wawe wanajamhuri, wanamwambia Augustin, mtunza bustani, atoke nje. Haya si yako, asiende mbali, watapiga kengele. Mwili wa mtumishi ulihitajika chumbani, masikio yake hayakuhitajika. Jamhuri inasomwa akiwa nje.

Kwa hiyo kabla hujauliza kama mwanamke anakombolewa chumbani, uliza ufunguo uko kwa nani na nani ametolewa nje. Majibu yatakuja tofauti kwa kila kitabu, na hiyo tofauti ndiyo sura yako ya pili.

ramani_na_kuta alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Mimi si mtu wa fasihi, ni msanifu majengo, ila riwaya hizi nilizifikia kupitia michoro ya nyumba na naomba niongezee upande huo.

Dada kurasa, katika nyumba kubwa za karne ya 17 vyumba vilipangwa kwa mstari, mlango ukitazamana na mlango. Ili ufike chumba cha nne unapita cha kwanza, cha pili na cha tatu, pamoja na watu waliomo. Karne ya 18 ndipo wasanifu kama Jacques-François Blondel wanashughulika kwa bidii na namna ya kugawa nyumba: vyumba vidogo, njia za nyuma, ngazi za siri, milango iliyofichwa ndani ya mbao za ukutani. Riwaya za kilibertini zisingeweza kuandikwa kwenye nyumba za zamani. Crébillon alipotoa Le Sopha mwaka 1742, akaweka roho ya mtu ndani ya sofa ili isikilize yanayosemwa na kutendwa juu yake, alikuwa akiandika kwa wasomaji waliokwisha kuwa na vyumba vya kukalia sofa hiyo peke yao. (Kitabu kilimfanya afukuzwe Paris kwa muda.)

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni La Petite Maison ya Jean-François de Bastide. Markizi Trémicour amewekeana dau na Mélite, mwanamke mwenye akili na msimamo, kwamba akifika kwenye kijumba chake cha starehe kando ya mto Seine hatatoka alivyoingia. Kisha hamgusi. Anamtembeza! Chumba baada ya chumba. Bastide anataja mafundi halisi wa Paris, akiwemo mchoraji Boucher, kiasi kwamba unaweza kukisoma kama mwongozo wa mapambo. Na Mélite si mjinga: anajua sanaa, anatambua kazi nzuri, na kadiri anavyotambua ndivyo anavyolainika. Kuna chumba cha faragha ambacho kuta zake zote ni vioo, na maungio ya vioo yamefichwa kwa mashina ya miti ya kuchongwa yenye majani. Mishumaa imewekwa nyuma ya kitambaa chepesi, kimevutwa pengine zaidi pengine kidogo, ili mwanga uje kwa kiasi kilichokusudiwa. Ukumbi wa chakula una meza inayozama sakafuni hadi jikoni chini, na nyingine iliyokwisha kuandaliwa inashuka kutoka juu.

Hiyo meza naomba uikazie macho. Ni mtambo wa gharama kubwa, na kazi yake ni moja: mtumishi asiingie. Mélite anapokula mezani hapo hakuna mtu wa tatu. Hakuna shahidi. Mwanamke wa tabaka lake hakuzoea kuwa bila mjakazi, bila shangazi, bila mtu anayepita. Kwa hiyo tunachokiita faragha, kwake ni kuondolewa watu wote ambao wangemsikia.

Bastide aliandika miisho miwili. Katika toleo la 1758 Mélite anashikilia msimamo. Katika toleo la 1763 anatetemeka, anahema, anashindwa dau. Nyumba ni ileile, vioo vilevile. Mimi hilo linanifundisha kwamba jengo peke yake haliamui, ila mwandishi katika toleo la pili alitaka liamue.

Halafu kuna Point de lendemain ya Vivant Denon, 1777. Huko Bibi de T* anamtembeza kijana usiku kwenye bustani ya mumewe. Wanalikaribia banda, anasikitika kwamba hana ufunguo wake. Wanafika, liko wazi. Asubuhi kijana anagundua alikuwa kiziba macho tu: mume amemshuku yeye, huku mpenzi wa kweli, markizi mwingine, akibaki salama. Kila mlango usiku ule Bibi de T* alijua uko katika hali gani. Sijui kama huo ni ukombozi, Mwalimu ataniambia, ila ni mwanamke anayeijua ramani ya nyumba kuliko wanaume wote watatu waliomo.

mkunga_wa_zamani alijibu:

Nimesoma yote, asanteni. Nami niseme la kwangu, maana mnazungumza kuta na vitabu huku jambo lililo wazi mmelipita.

Bibi C* anakataa nini, na kwa nini? Hakatai raha. Anakataa mimba. Aliponea chupuchupu kufa wakati wa kujifungua, na ameapa hatarudi pale. Thérèse naye ana woga huohuo, amelelewa na hadithi za namna hiyo. Ndiyo maana anapomkubali Comte wanakubaliana amwage nje, na kitabu kinalisema hilo bila kuzungukazunguka. Nimewahudumia wajawazito maisha yangu yote ya kazi, na nawaambia hapo ndipo nilipoacha kumwona Thérèse kama kikaragosi cha mwanamume. Mwandishi, awe nani, alisikiliza wanawake walichokuwa wakiogopa.

Na hawakuogopa bure. Émilie du Châtelet, mwanamke aliyeandika fizikia, aliyemtafsiri Newton kwa Kifaransa, alishika mimba akiwa na miaka 42. Alijua hatari yake, akaharakisha kumaliza Newton. Alijifungua Lunéville tarehe 4 Septemba 1749, akafariki tarehe 10. Tafsiri nzima ikatoka 1759, miaka kumi akiwa kaburini. Thérèse philosophe kilikuwa na mwaka mmoja tu mtaani. Wekeni vitu hivyo viwili kwenye meza moja. Mwanafalsafa halisi mwanamke wa Ufaransa ya wakati ule alikufa kwa kile hasa ambacho mwanamke wa riwaya anakipangia mpango chumbani.

Kwa hiyo dada, ukiniuliza kama anakombolewa, nitakuuliza: kukombolewa kutoka nini? Kutoka kanisani, labda. Kutoka kwa Comte, hapana, anakula na kulala kwake. Kutoka kitanda cha uzazi, ndiyo, na kwa wengi waliokuwa wakikisoma kwa siri hilo lilikuwa la kwanza.

kurasa_za_usiku aliandika:

Bi Mkunga, nimesoma ujumbe wako nikasimama kutembea chumbani. Nilikuwa nimeliweka suala la mimba kwenye tanbihi. Linapanda juu leo hii.

Ndugu ramani, la Mélite na meza sikulijua, asante sana.

Lakini sasa nina la kuongezea. Mwalimu, umeuliza ufunguo uko kwa nani. Katika Les Liaisons dangereuses (1782), riwaya ya barua, Laclos anaandika suala hilo kwa herufi. Barua ya 84: Valmont, kabaila mtongozaji, anamwelekeza Cécile, binti aliyetoka juzi nyumba ya watawa, aibe ufunguo wa chumba chake mwenyewe kutoka kwa mama yake, aweke mwingine unaofanana, na atie mafuta kwenye kitasa na bawaba ili mlango usilie. Anamfanya binti amfungulie mtu atakayemdhulumu. Na barua inayofuata, ya 85, Merteuil, bibi mjane anayeshirikiana na Valmont, anamruhusu mtongozaji mwingine, Prévan, aingie chumbani kwake kwa ngazi ya siri, kisha anapiga kengele. Watumishi wanajaa, Prévan anakamatwa kama mvamizi, anaishia kifungoni. Barua mbili mfululizo, vyumba viwili vya wanawake. Je, niseme Merteuil ndiye mwanafalsafa pekee wa kweli katika kundi hili zima?

Mwalimu_Zainabu alijibu:

Hapo umepiga penyewe, na nakuomba hizo barua mbili uziandikie kurasa nyingi utakavyo.

Merteuil ndiye aliyejisomesha. Barua ya 81 anaeleza: akiwa mjane kijana amejitenga shambani, alisoma riwaya ajue tabia za watu, wanafalsafa ajue fikra zao, na waadilifu wakali ajue wanamdai mwanamke nini. Hakuna Comte aliyemletea maktaba. Alijifunza kuutawala uso wake mpaka akawa, kwa maneno yake, kazi ya mikono yake mwenyewe. Na katika barua ya 10 ana kijumba chake cha starehe, anamleta mpenzi humo, na kabla hajafika anasoma sura moja ya Le Sopha na kurasa za vitabu vingine ili achague sauti atakayoitumia. Ni Trémicour aliyevalishwa gauni.

Lakini msome pia Victoire, mjakazi wake. Walinyonya ziwa moja. Merteuil anaijua siri ya msichana huyo na ameweka hati ya kumfungia, tayari kuitumia siku Victoire akifumbua mdomo. Usiku wa Prévan, ni Victoire anayefanya mpango uende. Kwa hiyo hata ufunguo ukiwa mkononi mwa mwanamke, chini yake yupo mwanamke mwingine anayeushikilia kwa hofu. Hilo sitaki ulipite kwa sababu ya kumpenda Merteuil. Mimi pia nampenda, hata nikijua alivyomtoa Cécile kafara.

Na Laclos hakumwacha. Ndui, jicho moja, kesi aliyoshindwa, kukimbilia Uholanzi. Barua zake mwenyewe ndizo zilizomtoa nje: kilichokuwa faragha kuliko vyote kikasomwa na Paris nzima.

kurasa_za_usiku aliandika:

Basi naomba la mwisho. Kipo kitabu cha miaka hiyohiyo ambamo mwanamke ana chumba, ana vitabu, ana ufunguo, na haadhibiwi wala halipi kwa mwili wake?

Mwalimu_Zainabu alijibu:

Kipo, na kiliandikwa na mwanamke. Kimetangulia Thérèse kwa mwaka mmoja. Lettres d'une Péruvienne ya Françoise de Graffigny, 1747. Si cha kilibertini, msimamizi wako anaweza kulalamika, lakini kiweke tu pembeni ya Thérèse uone.

Zilia ametekwa Peru na kuletwa Ufaransa. Déterville, mwanamume anayempenda, anatumia hazina iliyotoka hekalu la Jua, kiti cha dhahabu kikiwemo, kumnunulia nyumba shambani. Dhahabu ni ya Zilia, kwa hiyo nyumba ni yake, si zawadi. Ina maktaba. Déterville anataka ndoa. Zilia anamjibu kwamba atampa urafiki, waje wasome na kuzungumza pamoja, na ndoa hapana. Kitabu kinaishia hapo. Comte alitoa maktaba ili apate mwili, na huyu anaalikwa kwenye maktaba ya mwenyewe kwa masharti ya mwenyewe.

Graffigny alijua alichoandika. Alikuwa ameolewa na mume mpigaji, wakatengana, watoto wake watatu wote walikufa wadogo. Majira ya baridi ya 1738 hadi 1739 aliishi Cirey kama mgeni asiye na kitu, kwa huyohuyo Émilie du Châtelet aliyetajwa na Bi Mkunga. Barua zake zinaeleza vyumba vya Émilie kwa jicho la mtu asiye na chake: mbao za ukutani zilizopakwa manjano na buluu, hata kikapu cha mbwa kimefananishwa rangi. Kisha barua zikaanza kufunguliwa na wenyeji. Voltaire akamshutumu kwamba ametoa siri ya shairi lake. Katika nyumba ya mwanafalsafa bora kuliko wote wa kike Ufaransa, mgeni mwanamke hakuwa na bahasha iliyofungwa. Miaka minane baadaye alimpa Zilia nyumba.

Wasomaji walimsumbua kuhusu ule mwisho. Turgot, aliyekuja kuwa waziri wa fedha, alimwandikia mwaka 1751 akitaka Zilia aolewe na Aza, mchumba wake wa zamani. Toleo lililosahihishwa likatoka 1752. Graffigny alikuwa ameongeza barua mpya na kurekebisha mengi. Zilia bado hajaolewa, na nyumba bado ni yake.